SOMO: MAZOEA YA KILA SIKU YANAYOMSIMAMISHA MFANYABIASHARA MUISLAMU

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. Ndugu wanafunzi, ndugu wazazi, somo letu la mwaka huu linahusu biashara. Huenda baadhi yenu mkauliza: madrasa na duka vina uhusiano gani? Uhusiano upo, tena mkubwa. Wengi katika vijana wetu wakimaliza shule hawaingii ofisini. Wanaingia kwenye duka la baba, kibanda cha chipsi, meza ya vitambaa, cherehani, bodaboda, au jiko la mama la maandazi. Huko ndiko watakakopatia riziki yao, na huko ndiko itakakoonekana kama yale waliyoyasoma hapa mkekani yamewaingia au yalipita masikioni tu.

Siku hizi neno "ujasiriamali" limekuwa maarufu. Semina ni nyingi, na nyingi zao huzungumzia mtaji: mtaji utapatikana wapi, utaongezwaje. Sisi katika somo hili hatutazungumzia mtaji. Tutazungumzia jambo linalotangulia mtaji na linalobaki hata mtaji ukiisha, nalo ni mazoea ya mtu ya kila siku. Duka haliinuki kwa siku moja wala halifi kwa siku moja. Huinuka kidogo kidogo, na hufa kidogo kidogo, mara nyingi mwenyewe akiwa amekaa mlangoni anaona watu wanaingia na kutoka.

Mtume (s.a.w) ametufundisha, kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a), kuwa amali apendayo Allah (s.w) zaidi ni ile inayodumu hata kama ni ndogo. Mafundisho haya wengi tunayaweka kwenye swala za sunna na kusoma Qur'an tu. Lakini biashara ya halali ikitiwa nia njema nayo ni amali, na kanuni ni ile ile: kidogo kinachodumu hushinda kingi cha siku moja.

Tutaipita siku ya mfanyabiashara tangu alfajiri mpaka usiku, na mwisho tutaufikia mwaka wake.

1. ALFAJIRI: KUIWAHI SIKU

Sahaba Sakhr al-Ghamidi (r.a) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w) aliuombea umma wake baraka katika saa za mwanzo wa siku, na kwamba alipotuma kikosi alikituma asubuhi mapema. Sakhr mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Aliyachukua mafundisho hayo akayatia kazini: akawa anatoa bidhaa zake mwanzo wa mchana, na wapokezi wa hadithi wanaeleza kuwa alitajirika, mali yake ikawa nyingi. Hadithi hii imo katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi.

Tazameni sasa sababu zake katika soko tunalolijua. Anayefika soko la samaki mapema huchagua. Anayefika saa nne huchaguliwa. Mboga zinazoingia sokoni usiku huwa mbichi alfajiri na hunyauka jua likipanda. Mama anayeuza chai na maandazi, wateja wake ni watu wanaokwenda kazini. Saa moja na nusu wameshapita, na maandazi yaliyotoka jikoni saa mbili hayana mlaji. Baraka ya asubuhi imo ndani ya mambo kama haya, na juu yake imo ile ambayo hesabu haiioni.

Mnamjua sahaba Abdurrahman bin Auf (r.a). Alipohama Makka kwenda Madina mwaka 622 hakuwa na mali mkononi. Mtume (s.a.w) akamuunganisha udugu na Sa'd bin Rabi' (r.a), mmoja wa matajiri wa Madina. Sa'd akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka katika mali yake hiyo, akaomba jambo moja tu: aonyeshwe lilipo soko. Wakamwelekeza kwenye soko la Banu Qaynuqa. Siku hiyo akarudi na jibini kavu kidogo na samli. Kesho yake akaenda tena asubuhi, na kesho yake tena. Haukupita muda mrefu akaonekana na alama ya manukato ya harusi, ameoa, na mahari yake ilikuwa dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki husifu ule moyo wa kukataa msaada. Sisi tunapenda mkione pia kile kipande cha katikati: alikwenda, akarudi tena, akarudi tena. Mtaji wake ulikuwa jibini na samli. Kilichomwinua ni kuirudia asubuhi.

Na asubuhi hutengenezwa usiku. Mtume (s.a.w) alikuwa hapendi mazungumzo yasiyo na haja baada ya swala ya Isha. Kijana anayekesha na simu mpaka saa nane usiku hawezi kuswali Fajr kwa wakati, na asiyeamka Fajr hana asubuhi ya kuwahi.

2. KUFUNGUA DUKA: FEDHA YA DUKA NA FEDHA YA NYUMBA

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tuchukue mfano wa kijana aliyefungua duka dogo la rejareja kwa mtaji wa shilingi 300,000. Kila siku anauza bidhaa za shilingi 80,000. Akifunga jioni na kuzihesabu noti, moyo wake unafurahi. Anasema: "Alhamdulillahi, leo nimepata elfu themanini." Je, ni kweli amepata elfu themanini?

Hakuzipata. Zile 80,000 ni mauzo, na mauzo siyo faida. Sukari, sabuni na unga alivyouza alivinunua kwa fedha. Tuseme katika kila shilingi 100 ya mauzo, shilingi 90 ni gharama ya bidhaa na shilingi 10 ndiyo faida. Basi faida yake ya siku ni shilingi 8,000. Zile 72,000 si zake kula. Ni za kurudisha bidhaa kwenye rafu.

Sasa nyumbani kwake panahitajika mboga, mkaa, nauli za watoto na vocha, jumla shilingi 12,000 kwa siku. Zote anazitoa kwenye droo ya duka. Anaingiza faida ya 8,000, anatoa 12,000. Kila siku anakula shilingi 4,000 za mtaji wake. Gawanya 300,000 kwa 4,000 utapata 75. Baada ya siku 75 duka limekwisha.

Na katika siku zote hizo 75 wateja walikuwepo, na fedha ilipita mkononi mwake. Siku ya mwisho atasema amelogwa, au jirani ana jicho baya, au riziki yake imefungwa. Mwalimu wa hesabu angemwambia alikuwa akila elfu nne kila siku. Sisi hatukanushi husda wala sihiri, kwani zimetajwa katika Qur'an. Lakini si haki kumdhania ubaya jirani kabla hatujalitazama daftari letu.

Dawa yake ni zoea dogo. Mwenye duka ajipangie posho. Kama faida ni 8,000, basi posho ya nyumba iwe 6,000 na 2,000 zibaki kukuza duka. Posho itoke mara moja kwa siku au kwa wiki, kwa mkono wake, kisha droo ifungwe. Akihitaji sabuni ya nyumbani aichukue kwenye rafu na ailipie, kama mteja mwingine. Kama posho haitoshi, familia ikae ipunguze matumizi, au mtu mwingine wa nyumbani atafute kazi ya ziada. Njia zote hizo ni nzito, lakini ni nyepesi kuliko kuamka siku ya 76 hakuna duka na njaa ipo pale pale.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Abubakar Siddiq (r.a) alikuwa muuza nguo. Alipochaguliwa kuwa Khalifa mwaka 632, asubuhi yake alitoka kwenda sokoni na nguo begani kama kawaida yake, kwani ana familia ya kulisha. Umar na Abu Ubaida (r.a) walipokutana naye walimtaka aache soko ashughulikie mambo ya Waislamu, na akapangiwa posho maalumu kutoka Baytulmal. Hazina yote ya dola iko mikononi mwake, lakini hakuwa akichota. Alikuwa na kiwango. Na kabla ya kufa aliusia kwamba alichobaki nacho cha mali hiyo kirudishwe. Ikiwa Khalifa alitenganisha fedha ya kazi na fedha ya nyumba, mwenye kibanda ana udhuru gani?

3. KUUZA: MIZANI NA ULIMI

Sura ya 83 katika Qur'an imepewa jina la wapunjao, Al-Mutaffifin. Aya zake za mwanzo zinamuonya mtu mwenye vipimo viwili: akipokea kwa watu anataka kitimie, akiwapa wao anapunguza.

Msidhani kupunja ni kuweka kidole kwenye mizani tu. Kuna lumbesa, pale mkulima anapolazimishwa kujaza gunia mpaka lifanye kichwa juu, kisha analipwa bei ya gunia moja. Huyo mnunuzi anapokea kwa kipimo kirefu. Akifika mjini mzigo ule ule anaupima kwa kopo lililobonyezwa chini. Hapo anatoa kwa kipimo kifupi. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, lakini hata kabla ya sheria hiyo, sura hii tuliisoma sote katika Juzuu Amma tukiwa wadogo.

Vile vile kuna kuficha kasoro. Mtume (s.a.w) alipita sokoni akatia mkono wake katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w) akamuuliza kwa nini basi hakuuweka ule unyevu juu watu wakauona, akabainisha kuwa anayedanganya watu hayumo pamoja naye. Leo nyanya nzima huwekwa juu ya ndoo na zilizobonyea chini. Ni rundo lile lile.

Imesimuliwa pia kuhusu Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 Hijria, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Kufa. Alimpelekea mshirika wake mzigo wa nguo, akamweleza kuwa moja ina kasoro na amwonyeshe mnunuzi. Mshirika akasahau, akaiuza, na mnunuzi hakujulikana tena alipo. Imam akaitoa sadaka thamani ya mzigo wote. Mtu kama huyo hahitaji kibao cha matangazo.

Na ulimi nao ni mizani. "Wallahi hii nimeinunua elfu kumi" ni maneno yanayosikika kila siku sokoni. Mtume (s.a.w) ametufahamisha kuwa kiapo huifanya bidhaa itoke haraka lakini huifuta baraka. Mzoee kutaja bei bila kumtaja Mola wenu. Mteja akiondoka, aondoke. Yule aliyedanganywa huondoka mara moja tu na hurudi mara chache. Aliyeambiwa ukweli hurudi na jirani yake.

4. ADHANA: KUFUNGA KIDOGO ILI KUDUMU

Allah (s.w) katika Suratun-Nur aya ya 37 amewasifu watu ambao biashara haiwasahaulishi kumkumbuka Yeye, kusimamisha swala na kutoa zaka. Angalieni kwamba waliosifiwa wanafanya biashara. Sifa yao ni kwamba biashara haikuwafanya wao. Na katika Suratul-Jumu'a tumeamrishwa kuacha kuuza inapoadhiniwa swala ya Ijumaa, kisha tukaruhusiwa kutawanyika kutafuta fadhila za Mola wetu swala inapomalizika.

Kijana atasema: "Nikifunga Adhuhuri wateja watakwenda duka la pili." Dakika 15 za swala ya jamaa si nyingi katika siku ya saa 12. Tena wateja huzoea. Duka linalofungwa kila siku wakati ule ule, kikawekwa kibao "Tumekwenda kuswali", watu hulijua na hulipangia. Wanaloshindwa kulipangia ni duka linalofungwa leo saa tano na kesho saa tisa bila sababu.

Swala ina faida nyingine kwa mwenye duka: humwinua kitini. Yeye hukaa toka asubuhi hadi usiku, anakula alichonacho rafuni, soda na biskuti. Udhu, kutembea kwenda msikitini na kurudi, kuonana na watu wasiokuja kununua kitu, yote hayo ni pumziko la mwili na akili. Mtume (s.a.w) alimkumbusha Abdullah bin Amr (r.a), aliyekuwa akifunga kila siku na kukesha kwa ibada, kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, na mke wake ana haki. Ikiwa ibada yenyewe ilitiwa mpaka, basi duka litiwe mpaka pia. Mtoto anayemuona baba yake akiwa amelala tu, asubuhi na usiku, amekosa kitu ambacho faida ya duka haikinunui.

5. JIONI: DAFTARI NA MADENI

Wahenga wetu wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na kabla ya wahenga, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuliandika liwe dogo au kubwa pamoja na muda wake. Jambo lililopewa aya ndefu kuliko zote, sisi tunalifanyia mzaha. Tunasema: "Huyu ni ndugu yangu, tuandikiane ya nini?" Tunaandikiana kwa sababu ni ndugu, ili tubaki ndugu.

Daftari la shilingi mia chache linatosha. Kila jioni kabla ya kufunga, andika mambo manne:
(a) Leo nimeuza kiasi gani.
(b) Leo nimetoa kiasi gani, na kwa ajili ya nini.
(c) Nani nimemkopesha, kitu gani, atalipa lini.
(d) Nani ananidai, kiasi gani, nitalipa lini.

Ujumbe wa simu wa kutuma na kupokea fedha si daftari. Simu huibiwa, ujumbe hufutwa, na tena haukuelezi fedha ile ilikuwa ya nini.

Katika kukopesha, jipangie mpaka. Mathalani, bidhaa zilizo nje kwa mkopo zisizidi sehemu moja ya kumi ya mtaji. Mpaka ukifika, sema kwa upole: "Dada, daftari limejaa, tusubiri walipe waliotangulia." Aliyeshindwa kwa shida ya kweli apewe muda, kama tulivyofundishwa katika aya ya 280 ya sura hiyo hiyo, na kumsamehe ni bora zaidi. Ila kusamehe ni kwa aliyekwama. Mwenye uwezo anayechelewesha deni anadhulumu, na Mtume (s.a.w) amelibainisha hilo.

Katika kukopa, tahadharini na mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Mtu hupewa shilingi 100,000, akatakiwa kulipa 4,000 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 120,000. Zile 20,000 ni riba, na hukumu yake mnaijua. Lakini itazameni kwa jicho la hesabu pia: kijana wetu wa faida ya 8,000 kwa siku, nusu ya faida imeshachukuliwa kabla hajanunua chumvi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Upatu wa watu wanaoaminiana, usio na nyongeza, au ushirika wa kugawana faida na hasara, ni njia za polepole lakini hazikaushi damu.

Sasa tuseme lile zito. Mnapohudhuria maziko mnalisikia tangazo: yeyote anayemdai marehemu aonane na familia. Watu hulisikia na kuinamisha vichwa. Mtume (s.a.w) ametuonya kuwa nafsi ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Je, siku ya tangazo hilo mtoto wa marehemu atajua baba yake anadaiwa na nani? Mara ngapi tumeona anatokea mtu anadai milioni, hakuna maandishi, ndugu wanagawanyika, anayesema kweli anaitwa mwongo na mwongo anaaminiwa?

Mtazameni sahaba Zubair bin Awwam (r.a), aliyeuawa wakati wa vita vya Jamal mwaka 36 Hijria. Watu walikuwa wakimletea fedha awawekee amana. Alikuwa akiwajibu kuwa azichukue kama mkopo, si amana, kwa kuhofia zisipotee mkononi mwake. Alipohisi kuwa atauawa siku ile, alimwita mwanawe Abdullah. Jambo kubwa lililomshughulisha lilikuwa madeni yake: akamuusia auze mali na kuyalipa. Abdullah alipoyahesabu aliyakuta ni milioni mbili na laki mbili. Akaiuza ardhi ya Al-Ghaba, ambayo baba yake aliinunua kwa 170,000, kwa thamani ya 1,600,000, pamoja na mali nyinginezo, akalipa wote. Ndugu zake wakataka urithi wao ugawiwe. Akakataa mpaka atangaze kwa misimu minne ya Hija kwamba anayemdai Zubair aje alipwe. Miaka minne ilipopita ndipo akagawa. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Bukhari.

Zubair alikufa na deni kubwa, lakini deni lake lilikuwa linajulikana, na mwanawe aliandaliwa kulibeba. Hapo ndipo tofauti ilipo. Enyi wazazi wetu, wake zenu na watoto wenu wakubwa walijue daftari lilipo na waweze kulisoma. Tena tumehimizwa na Mtume (s.a.w) kuwa mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa.

6. USIKU: ELIMU NA FAMILIA

Umar bin Khattab (r.a) alikuwa hataki auze sokoni kwao mtu asiyeielewa dini. Mfanyabiashara ajifunze angalau mlango wa biashara katika fiqhi: nini halali kuuza, nini riba, nini gharari, mnunuzi ana haki gani ya kurudisha. Robo saa kila usiku, au darasa moja msikitini kwa wiki, kwa mwaka ni elimu kubwa. Ajifunze pia elimu ya kazi yake: bei zimepandaje, bidhaa gani hutoka mwezi wa Ramadhani, gani hukaa.

Na azungumze na watu wake. Bibi Khadija (r.a) alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Makka kabla ya kuolewa na Mtume (s.a.w). Alimkabidhi bidhaa zake apeleke Sham, akamfuatanisha na mtumishi wake Maysara, na taarifa ya ukweli na uaminifu aliyoletewa na Maysara ndiyo iliyomvutia. Alipima mtu kwa mwenendo wake wa kazini. Dada zetu mnaofanya biashara, huyo ndiye mama yenu. Na akina kaka, msiwafiche wake zenu hesabu. Huenda yeye ndiye mwenye kichwa cha hesabu nyumbani.

7. MWAKA: SIKU YA ZAKA

Mwenye mazoea ya jioni hapati shida siku ya mwaka. Chagueni tarehe moja ya Kiislamu, mathalani tarehe mosi Ramadhani. Siku hiyo hesabuni bidhaa zote za kuuza kwa bei ya soko ya siku ile, ongezeni fedha taslimu, iliyoko benki na iliyoko kwenye simu. Rafu, mizani na jokofu havihesabiwi, kwani haviuzwi. Nisabu hupimwa kwa thamani ya dhahabu gramu 85 au fedha gramu 595. Mali ikifika nisabu na mwaka wa mwezi mwandamo ukatimia, hutolewa asilimia mbili na nusu. Tuseme bidhaa ni 11,000,000 na taslimu ni 1,000,000, jumla 12,000,000, na nisabu imetimia: zaka ni 300,000. Kuhusu madeni unayodai na unayodaiwa wanazuoni wana maelezo, basi muulizeni sheikh wenu mkiwa na daftari mkononi. Asiye na daftari hata sheikh hawezi kumsaidia.

HITIMISHO

Ndugu zetu, mazoea haya hayahitaji mtaji. Kuamka, kujipangia posho, kusema kweli, kuswali kwa wakati, kuandika, kusoma na kutoa zaka, yote yanamuwezekania muuza karanga kama yanavyomuwezekania mwenye ghorofa. Na riziki ni ya Allah (s.w): huenda mtu akayafanya yote na biashara isikue sana. Huyo hakupata hasara. Amelala bila kuogopa kugongewa mlango, watoto wake wanalijua deni lake, na mizani yake haitamfedhehesha Akhera.

ZOEZI

1. Eleza tofauti ya mauzo na faida kwa mfano wako mwenyewe.
2. Muuza samaki ana mtaji wa 180,000. Faida yake ni 9,000 kwa siku na anatoa 12,000 kwa matumizi ya nyumbani. Mtaji utaisha baada ya siku ngapi? Mshauri afanye nini.
3. Taja mambo mawili unayojifunza kwa Abdullah bin Zubair (r.a) katika kulipa deni la baba yake.
4. Kazi ya nyumbani: Muombe mzazi wako ruhusa, andika naye daftari la matumizi ya nyumba kwa siku saba. Lilete darasani bila kutaja kiasi mlicho nacho. Tutajadili mlichojifunza tu.

Tunamuomba Allah (s.w) awape vijana wetu riziki ya halali yenye baraka, awalipie madeni waliotutangulia, na atujaalie kuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.